Baridi ya Karatu, Damu ya Zuhura

Mwenzangu wa ofisini aliteguka kifundo cha mguu akishuka ngazi. Akatoa kwenye mkoba kichupa cha mafuta ya mkaratusi, akaanza kujichua papo hapo chini ya meza. Wengine walilalamika, wakafungua madirisha. Mimi nilinyamaza, maana pua yangu ilikuwa imeshanirudisha Karatu, kwenye chumba cha nyuma ya duka la baba, asubuhi ya Juni, ukungu umeshuka hadi kwenye bati, na mama amepiga magoti kando ya kitanda anamchua dada yangu Zuhura miguu huku akimsomea dua kwa sauti ya chini.

Aliyekulia Karatu anaijua baridi hiyo. Nguo uliyofua Jumatatu, Alhamisi bado ina unyevu. Udongo mwekundu unashika viatu mpaka unatembea kama umefungwa matofali miguuni. Magari ya watalii yanapita na taa zimewashwa wakati watu wameshakunywa chai ya pili. Kwa watoto wengine baridi ilikuwa baridi tu: unavaa sweta, unakimbia, unapata joto. Kwetu ilikuwa adui. Mama alianza kuisikilizia tangu mwishoni mwa Mei, akitoka nje alfajiri kutazama upande wa msitu, na akirudi ndani uso umeshabadilika tulijua imefika.

Sisi tulikuwa watu wa kuja. Baba alitoka Tabora, mama alitoka upande wa ziwa, wakaoana Shinyanga na kuifuata biashara mpaka Karatu. Baba aliuza mashuka ya Kimasai, mablanketi na mabuti ya mpira. Wateja wake walikuwa wakulima wa vitunguu wa Baray, Wairaqw wa vijiji vya jirani, na wafugaji walioteremka kutoka Kakesio siku za mnada. Baba alikuwa mpole, mwenye sugu nyeusi ya kusujudu kwenye paji la uso, na aliamini kuwa jambo usipolisema mara nyingi huchoka na kwenda zake.

Zuhura alikuwa darasa la sita, mimi darasa la pili. Alikuwa mwembamba, mrefu wa shingo, mwenye macho ambayo weupe wake ulikuwa na umanjano kama karatasi ya zamani. Alikuwa na akili darasani kuliko wote, japo kila muhula alikosa shule wiki nzima nzima. Maumivu yalimwanza ghafla, mara nyingi kwenye mapaja na viwiko, na yakimshika alilala amejikunja, akiuma ncha ya kanga ya mama ili asipige kelele. Baada ya siku chache aliinuka, akaoga, akarudi shule akiwa kama mtu aliyetoka safari ya mbali.

Kabla ya kwenda hospitali ugonjwa wake ulikuwa na majina mengi. Jirani mmoja alisema ni baridi yabisi. Mwingine aliyaona macho akasema homa ya manjano. Mwalimu alisema mtoto anakua haraka, mifupa inamvuta. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kutoka Tabora kukaa nasi, alisema ni kijicho cha watu, na akamfunga Zuhura hirizi kiunoni. Mama alikubali kila jina na kila dawa, mpaka siku Zuhura alipoanguka shuleni ndipo alipompeleka hospitali. Mimi alinichukua kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi wa Kilimanjaro, Daktari Anna, aliyezungumza haraka lakini akarudia kila jambo mara ya pili polepole. Damu ya Zuhura ilichukuliwa ikapelekwa kupimwa. Tuliporudi kwa majibu, alimketisha mama, akasema:

"Mama Zuhura, huu ugonjwa unaitwa seli mundu. Hauambukizi. Hata mkinywea kikombe kimoja, hata mkilala shuka moja, hauhami. Huu ni wa kurithi. Na ni ugonjwa sugu, maana yake utakuwa naye. Hatuuondoi, tunautunza."

Akaeleza kwamba chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za duara na laini, zinateleza kwenye mishipa. Za Zuhura zilikuwa zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na pale zilipokwama ndipo panapouma. Zinakufa upesi, kwa hiyo damu inapungua na macho yanakuwa ya manjano. Baridi inazikwamisha. Kiu inazikwamisha. Homa inazikwamisha. "Umanjano ni dalili," alisema. "Maumivu ni dalili. Ugonjwa wenyewe uko kwenye damu." Kisha akasema anataka kumwona baba naye, apimwe. Mama alisema atamwambia.

Nilikuwa nimekaa sakafuni, na nilidhani nimeelewa kila neno. Mundu niliujua, majirani walikatia majani ya ng'ombe. Niliona kabisa jinsi vitu vidogo vyenye makali vinavyopita ndani ya miguu ya dada yangu. Sugu pia niliijua, ilikuwa kwenye paji la uso wa baba, kwa hiyo tulipofika nyumbani nilimsogeza Zuhura nywele nikamkagua uso.

"Unatafuta nini?"

"Sugu."

"Mimi sisali kama Baba," alisema, akanisukuma.

Lakini neno nililolielewa kuliko yote lilikuwa kurithi. Mwaka uleule babu yetu alikuwa amefariki Tabora. Baba alisafiri kwenda msibani, akarudi na saa ya ukutani na fimbo ya mpingo, na nilipouliza ni vya nani alisema, "Vilikuwa vya babu. Sasa nimevirithi mimi." Basi kurithi ni hivyo. Mtu anakufa, na kitu chake kinakwenda kwa anayemfuata. Na anayemfuata Zuhura alikuwa mimi. Nguo zake zote zilikuja kwangu. Viatu vyake, mkoba wake, hata kitana chake kilichong'oka meno. Nikaona wazi kwamba siku Zuhura atakapokufa ule mundu utaletwa kwangu pamoja na gauni lake la Idi.

Nyumbani mama aliyarudia maneno ya daktari mbele ya baba na shangazi. Alipofika kwenye "wa kurithi," shangazi aliacha kupepeta mchele.

"Kwetu hakuna ugonjwa wa namna hiyo," alisema.

Akaendelea kupepeta. Mama alitazama chini. Baba alisema duka limebaki peke yake, akatoka. Siku ya kwenda kupimwa ikasogezwa wiki ijayo, halafu baada ya mnada, halafu haikutajwa tena. Nilichokiona mimi ni kwamba mama alibadilika. Alikuwa mwanamke wa kusema. Akawa mtu wa "haya." Shangazi akisema chai ina tangawizi nyingi, haya. Baba akisema atachelewa, haya.

Mwezi Juni ulipoanza, mama alitoa sandukuni sweta la buluu la shule lililokuwa la Zuhura, limeshonwa kiwiko, akanipa.

"Rehema, vaa."

"Sitaki."

"Hutaki nini? Nje kuna baridi ya kuua."

"Hilo ni la Dada."

"La Dada limekufanya nini?"

Mama aliniangalia, akakaa kitandani, akanivuta karibu. "Nani amekwambia shuleni kwamba dada yako anaambukiza?"

"Hakuna."

"Daktari amesema hauambukizi, ulimsikia."

"Nilimsikia."

Na ni kweli nilimsikia. Nililala na Zuhura kitanda kimoja, miguu yangu nikiibandika kwenye yake, bila hofu yoyote. Kuambukizwa hakukunitisha. Nilichokiogopa kilikuwa kurithi, na nilikuwa nimeamua kwamba nikikataa vitu vyake tangu sasa, siku ikifika watasema huyu hapokei chochote, wampe mwingine. Nilikwenda shule wiki ile yote nimejifunga kanga ya mama mgongoni, nikitetemeka. Zuhura aliliona sweta limerudi sandukuni, akalitazama, akafunga sanduku.

Likizo ilipofika, baba alipanga safari ya kupeleka mashuka na mablanketi kwenye mnada wa upande wa Kakesio, kwa Land Rover ya rafiki yake Bura. Bura alikuwa Mwiraqw, jirani yetu, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kucheka, aliyezoea kupandisha mizigo huko juu. Njia hupanda msituni, hupita ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kisha huteremkia upande wa pili. Zuhura aliposikia, aliweka kijiko chini.

"Baba, nichukue."

"Uende wapi?"

"Nikaone kreta. Wazungu wanatoka kwao wanapita mbele ya duka letu kwenda kuiona. Mwalimu anatufundisha kwa picha ya kalenda. Mimi nipo hapa hapa, sijaiona."

Mama alisema kwa upole, "Baba Zuhura, huko juu kuna ukungu. Daktari alisema baridi."

"Hatashuka. Atakuwa ndani ya gari, na mablanketi yamejaa."

"Mwacheni mtoto aone dunia," alisema shangazi.

Mama alianza kukusanya vyombo. "Haya," alisema.

Mimi nilichukuliwa ili nimshikie dada chupa ya maji ya kunywa. Tulikaa nyuma ya baba na Bura, tumezungushiwa blanketi moja, marobota ya mashuka yametubana kila upande. Tulipopita geti la hifadhi na kuanza kupanda, dunia ilibadilika. Miti ilikuwa na ndevu za kijivu zinazoning'inia. Ukungu uliingia kwenye matundu ya mlango. Bura aliendesha huku ametoa kichwa nje, akipiga honi kwenye kila kona. Zuhura alikuwa amebandika uso kwenye kioo, akikifuta kwa kiganja, na akiniambia niangalie, hali hakukuwa na kitu cha kuona zaidi ya weupe.

Tulipofika mahali magari husimama, ukingoni kabisa, hapakuwa na kreta. Palikuwa na ukuta mfupi wa mawe na nyuma yake ukungu, kama vile dunia imeishia pale. Baba alisema, "Basi, bahati haikuwepo. Twende, tutaiona tukirudi."

"Baba, tusubiri kidogo," Zuhura alisema. "Kidogo tu."

Akafungua mlango akashuka. Baba alimfuata na blanketi, akamzungushia, akasimama nyuma yake akiwa amemkumbatia pamoja na blanketi. Tulisubiri. Upepo ulikuwa unakata masikio. Bura alikanyagakanyaga chini miguu ipate joto. Nilimpa dada maji akasema anahisi baridi, hataki kunywa. Baba alisema twende, naye akasema bado, na baba, ambaye hakuzoea kumnyima kitu, akabaki.

Kisha upepo ukageuka, na ukungu ukavutwa kama mtu anavyovuta pazia. Chini yetu, mbali sana, kulikuwa na nchi nyingine yenye jua lake. Ziwa jeupe, mbuga ya rangi ya mchanga, na madoadoa meusi ambayo Bura alisema ni nyati, madogo kama pilipili manga iliyomwagika mkekani. Zuhura alitoa mikono kwenye blanketi, akashika mawe ya ukuta.

"Rehema, unaona? Kumbe ina ukuta pande zote," alisema. "Kumbe ni kama bakuli kweli."

Tulitazama mpaka ukungu uliporudi. Alipogeuka kurudi garini nilimwona amejishika ubavu. Gari liliposogea kidogo akaniegemea, nikasikia anapumua kifupi kifupi, kama anayepuliza moto.

"Baba," nikasema, "Dada anaumwa."

"Miguu?"

"Kifua," alisema Zuhura mwenyewe.

Hakuwahi kuumwa kifua. Bura alimtazama mara moja kwenye kioo, hakumuuliza baba, akageuza gari pale pale barabarani. Njia nzima ya kuteremka baba alikuwa amehamia nyuma, amempakata, anamwambia vuta pumzi, mama yangu, vuta pumzi. Midomo ya Dada ilikuwa na rangi ya zambarau. Mlangoni mwa hospitali gari lilizuiwa na lori, basi baba alichomoa shuka jekundu kwenye robota, akamweka Zuhura mgongoni, akamfunga kama wanawake wanavyofunga watoto, akakimbia naye. Miguu mirefu ya dada ilikuwa inaning'inia karibu na chini. Sikuwahi kumwona baba akikimbia, na sikuwahi kuona mwanamume akibeba mtoto kwa namna ile.

Daktari Anna alimsikiliza kifua, akaagiza hewa, maji ya mshipani na dawa. Akamwambia baba, "Seli zimekwama kwenye mapafu, na damu yake iko chini sana. Anahitaji kuongezewa damu leo. Ndugu zenu wako wapi?"

"Nipime mimi," alisema baba.

"Wewe na mama yake nitawapima, nimewasubiri muda mrefu. Lakini ya kumwongezea nataka mtu mwingine."

"Ndugu zetu wako Tabora. Wengine wako ziwani."

"Wa hapa."

Baba alitazama huku na huku kwenye ukumbi. Nadhani ndipo alipoona jinsi tulivyokuwa wachache. Bura alikuwa ameegemea mlango, bado ana ufunguo wa gari mkononi.

"Mimi nipo, daktari," alisema. "Nipime."

Damu yake ilikubali. Aliitoa, akanywa soda, kisha akaenda kumchukua mama na shangazi. Zuhura alitundikiwa chupa ya damu ya Bura, na nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake nikiitazama ikidondoka, tone baada ya tone, mpaka nikasinzia.

Alipoanza kupumua vizuri, kesho yake, majibu ya wazazi wangu yalikuwa tayari. Daktari aliwaita baba, mama na shangazi kwenye benchi la nje ya wodi. Nami nilikuwepo, nimekaa miguuni pa mama.

"Kila mtoto hupata fungu kwa baba yake na fungu kwa mama yake," alisema. "Akipata fungu moja zuri na moja lenye mundu, haumwi. Huyo tunamwita mbebaji. Akipata mawili yenye mundu, anaumwa kama Zuhura. Ninyi nyote wawili ni wabebaji."

Mimi nilikubali kwa kichwa. Nilikuwa nimemwona baba kwa macho yangu akimbeba, shuka jekundu, mbio kutoka kwenye lori mpaka mlangoni. Nilichojiuliza ni lini mama naye alimbeba.

"Daktari," alisema shangazi, "kwetu haupo."

"Hakuna mtoto kwenu aliyefariki mdogo? Macho ya manjano, analia miguu msimu wa baridi au akinyeshewa?"

Baba ndiye aliyesema, akitazama mikono yake.

"Masudi."

"Masudi alirogwa," alisema shangazi.

"Masudi alikuwa analia miguu, dada. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Wewe ndiye uliyekuwa unambeba."

Sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Kumbe baba alikuwa na mdogo wake aliyekufa kabla hajaanza shule, na shangazi ndiye aliyemlea mgongoni. Aliinuka, akajifunika uso na mtandio. Mabega yalitikisika. "Nilimpeleka kwa waganga wote," alisema ndani ya mtandio. "Wote. Walikuwa wanamchanja miguu." Kisha akageuka kwa mama. "Wifi..."

Nilisubiri mama aseme haya. Hakusema. Alisogea kwenye benchi, akapiga mahali palipo wazi kwa kiganja.

"Kaa, wifi," alisema. "Umesimama sana."

Niliporudi wodini Zuhura alikuwa amekalishwa na mito, sauti imekauka. Aliniuliza walikuwa wanasema nini nje. Nilimwambia kuhusu mafungu, na Masudi. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimelibeba muda mrefu na sikuona mwingine wa kumuuliza, nikamuuliza.

"Dada, ukifa, ni lazima nirithi mimi?"

"Urithi nini?"

"Mundu."

Alinitazama mpaka nikaona linamwingia. "Ndiyo maana ulikataa sweta?"

"Eeh."

Akaanza kucheka, akajishika ubavu, akasema aa, aa, usinichekeshe, inauma, na akaendelea kucheka huku machozi yanamtoka. Muuguzi alikuja kutuangalia. Alipotulia aliniita nipande kitandani.

"Sikiliza. Huu haurithiwi kwa aliyekufa. Unarithi kwa Baba na Mama wakiwa hai, siku unapoingia tumboni. Wetu ulishagawanywa zamani. Mimi nilipewa wangu, wewe ulipewa wako. Mimi nikifa leo hupati hata chembe."

"Na wangu ni upi?"

"Hatujui. Utapimwa. Ila huumwi, kwa hiyo hukupewa kama wangu." Akafikiri. "Halafu mimi sasa nina damu ya Bura. Labda nitaamka naongea Kiiraqw."

Siku ya mwisho hospitalini nilimkuta mama bombani, anafua mashuka ya kitanda cha Zuhura. Baba alikuwa amesimama karibu naye na ndoo. Nilimsikia mama kabla sijamwona.

"Ulimpeleka mtoto kwenye ukungu!" Alikuwa anapiga shuka juu ya jiwe. "Nilikwambia baridi. Nilikwambia mbele ya dada yako. Daktari alikuita, ukasema duka. Akakuita tena, ukasema mnada. Mwaka mzima nalala nikijua nimekuzalia mtoto mgonjwa peke yangu, na wewe unajua Masudi alikuwepo! Unajua! Ukanyamaza!"

"Sikujua kama ni kitu kimoja."

"Hukuuliza!"

Watu waliokuwa kwenye foleni ya maji walitazama kando. Baba hakujitetea tena. "Haki yako," alisema. Akashika upande wa pili wa shuka, wakalikamua pamoja, yeye akizungusha kulia, mama kushoto. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba mama yangu amerudi. Tangu siku ile hadi leo hajanyamaza.

Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Zuhura alikunywa kidonge chake cha kuongeza damu kila siku, chandarua hakikutoka kitandani, na misimu ya baridi alipelekwa Baray kwa rafiki wa mama, ambako kuna joto, ingawa mbu nao walitutia hofu ya malaria. Alilazwa mara nyingine nyingi. Alimaliza shule akiwa amechelewa. Dawa mpya zilipokuja maumivu yalipungua, hayakuisha. Bura alitoa damu kila alipoitwa, mpaka umri ulipomzuia. Mimi nilipimwa, nikaambiwa ni mbebaji. Leo Zuhura anaishi Mto wa Mbu, ni fundi cherehani, ana wanafunzi na ana maneno mengi.

Mwaka jana nilipotaka kuolewa, nilimwomba mchumba wangu twende tukapime damu. Alikubali bila maswali. Majibu yalipotoka, yeye hakuwa mbebaji. Nilitoka nje ya kliniki nikampigia Zuhura simu kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Hana," nilisema. "Dada, hana. Watoto hawataumwa."

"Alhamdulillahi." Nilisikia cherehani inasimama. "Na kama angekuwa nao, ungemwacha?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka pia kusema ndiyo, kwa kuwa nilikuwa nimelala kitanda kimoja naye miaka yote ile na ninajua kuuma ncha ya kanga ni nini.

"Sijui," nilisema.

"Umesema kweli. Kupima ni vizuri, wanafunzi wangu nawaambia wote wapime." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeongea huku ana pini mdomoni. "Ila ujue tu, Rehema. Mimi sijawahi kutamani nisingezaliwa. Hata siku moja."

Magari yalipita. Nikamwuliza amekula nini mchana. Akasema wali na dagaa, na kwamba dagaa walikuwa na mchanga.